Magoti ya Shule ya Juu

Mtaa mzima wa Kasha, kule Bagira, mzazi haandikishi mtoto shuleni kabla ya kupita kwa Maman Bibiane. Hapiti kwa padri wala kwa mkubwa wa mtaa. Hao watamwambia shule zote ni nzuri, maana wamealikwa kwenye sherehe za shule zote, na wamekula. Maman Bibiane hajala kwa mtu. Yeye ana mashini yake ya kushona barazani, chini ya bati linalovuja upande mmoja tu, na hapo ndipo uniforme zilizochanika za watoto wa Bagira zinaletwa kutengenezwa. Nyeupe juu, bluu chini, shule zote sawa. Lakini kwa Maman Bibiane hakuna mbili zinazofanana.

"Mutoto anadanganya," husema huku ameng'ata uzi. "Mwalimu anadanganya. Patalo, hapana. Patalo haijui kudanganya."

Patalo ni suruali, na elimu yake ni hii. Mfuko umechanika: mwalimu hakuja, watoto walishinda wakicheza gololi. Vifungo vimetoka: walipigana, na mtu mzima hakuwepo wa kuwaamua. Kiwiko kimechakaa: ama wanaandika, ama wanalalia meza. Hapo Maman Bibiane ananusa mkono wa shati kutafuta harufu ya mate. Lakini shahidi mkuu, ambaye akishatoa ushuhuda kesi imekwisha, ni makalio. Suruali iliyolika nyuma mpaka inang'aa, huyo ni mtoto anayekaa kwenye benchi, na mwalimu yuko mbele yake.

"Masomo inaingilia ku masikio," anafundisha, "lakini matako ndiyo inaikalia isitoroke."

Vijana wa kituo cha pikipiki walimpa jina la Inspekta wa Makalio. Analijua, na halimuumizi. Anasema inspekta wa kweli, kabla ya kupanda Kasha, anauliza kwanza kama matope yamekauka. Makalio yenyewe hushuka mpaka kwake, jua au mvua.

Kwa sheria hiyo alizihukumu shule mbili za serikali zilizo karibu, zile za bure. Shule ya Chini, kule kwenye barabara kubwa, ilikuwa pepo: suruali zake zilifika zimelika nyuma mpaka chupi inakusalimia. Shule ya Juu, ambayo kengele yake inasikika pale pale barazani, ilikuwa jehanamu. Kutoka huko kila suruali ilikuja imetoboka magotini, na sketi za wasichana zimekwisha upande wa mbele.

"Banawapigisha magoti," alitangaza. "Kutoka asubui mpaka kengele. Ile haiko shule, ile ni gereza."

Maneno hayo aliyasema barazani siku ya Jumamosi. Jumapili, misa ilipotoka, parokia yote ilikuwa inayajua.

Ni kweli kwamba mtu alijaribu kumsahihisha. Papa Akonkwa, direkta wa Shule ya Juu, ni mrefu, mwembamba, na sauti yake inaomba msamaha hata anaposalimia. Mwezi wa nane alikuja na suruali yake mwenyewe chini ya kwapa. Maman Bibiane aliikunjua, akaiinua kwenye mwanga. Magoti yote mawili, matundu.

"Ata weye, Direkta?"

"Ata mimi, maman. Unajua, kule kwetu..."

"Usinielezee. Mambo ya mutu na muke yake, mi simo."

"Hapana, maman, ni ile namna tuko na..."

"Ao ni maombi? Basi unatoka kupigia Mungu magoti, unaenda kupigisha batoto ya wenzako? Mungu anakuona, Direkta."

Papa Akonkwa alifungua mdomo mara ya tatu. Akaona namna mkasi ulivyoshikwa, akafunga mdomo. Aliomba tu kitambaa kiwe kigumu. Maman Bibiane akamshonea viraka viwili vikubwa kama sahani, ili kila mtu njiani ajue huyu ni mtu wa aina gani.

Wiki mbili baadaye alishuka Joviale kutoka Mwenga, juu ya lori, na nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki na jino moja la mbele limebaki njiani. Huyo ni binti wa Chrispin, mtoto wa pekee wa Maman Bibiane, anayechimba dhahabu huko pamoja na mke wake na kichanga kipya. Jioni hiyo Chrispin alipiga simu.

"Mama, mimi shule ilinishinda, unajua. Kila karatasi inakuja hapa kwa carrière ya dhahabu, naangalia tu midomo ya wenye kusoma. Huyu sitaki awe kama mimi. Noeli nikikuja, nataka anisomee kitu. Ata mustari moja."

"Mustari moja?" Maman Bibiane alicheka. "Atakusomea mpaka usinzie."

Alisema hivyo, lakini alijua kosa lilikuwa lake. Shule ya Chrispin yule aliichagua yeye mwenyewe, zamani, kabla ya kuvumbua sayansi ya makalio. Aliichagua kwa sababu ya fanfare yake, bendi ya tarumbeta na ngoma. Mtoto alitoka pale anajua kupiga ngoma.

Safari hii hakuna kubahatisha. Joviale akapelekwa Shule ya Chini. Kila asubuhi alishuka kilima kizima, akiipa mgongo Shule ya Juu ambako wenzake wa mtaa walikuwa wanaingia bila kutoka jasho, na kila mchana akakipanda tena. Bibi yake alimpokea mlangoni kwa salamu moja tu:

"Geuka nione."

Joviale aligeuka. Wiki ya kwanza sketi ilianza kung'aa. Ya pili ikawa kama kioo. Mwezi wa kumi ulipofika katikati, Maman Bibiane alishatia kiraka cha kwanza huku akiimba.

Ilitokea jioni moja kwamba Papa Venant, jirani, akapita. Papa Venant anafanya kazi ya kupima ubora wa shule katika ONG, shirika moja la misaada mjini. Ana tablet yenye maswali mengi, mengine kwa Kifaransa ambacho hata aliyekiandika angehitaji kuelezwa. Kilima cha Kasha, viatu vyake havikipendi.

"Maman, ile Shule ya Chini, unaionaje kwa upande ya rétention?"

"Ya nini?"

"Kama batoto banabakia mu klasi."

"Joviale! Geuka Papa Venant aone."

Papa Venant aliangalia sketi kwa umakini wa kitaalamu, akagusa tablet. Katika ripoti yake, Shule ya Chini ilipata alama ya juu kabisa upande huo. Mbinu za utafiti ziliitwa "uchunguzi wa moja kwa moja".

Mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha, Maman Bibiane akaona ni wakati wa kuonja mboga kabla mgeni hajafika. Nyuma ya mashini yake kuna gunia la mchele la Luberizi anamoweka vipande vya vitambaa, lenye maandishi makubwa mekundu: MCHELE MZURI WA LUBERIZI. Aliligeuza mbele ya mtoto.

"Soma hapa."

Joviale aliliangalia gunia juu mpaka chini. "Ni mufuko."

"Nilisema usome."

"Mufuko ya muchele."

"Hii kwanza, ya mwanzo. Inaitwa je?" Kidole cha Maman Bibiane kilisimama kwenye M.

Joviale alifikiri. "Milima," alisema. "Mbili."

Usiku huo mashini haikulia. Kesho yake Maman Bibiane alifunga kitenge chake cha kanisani na kushuka nyuma ya mjukuu wake, mbali kidogo, kama polisi.

Kabla hajaiona shule, alisikia furaha. Nyuma ya madarasa ya Shule ya Chini kuna mteremko wa udongo mwekundu, ambao mvua na watoto wameulainisha mpaka unateleza kama sabuni ya mnyonyo. Watoto walikuwa wamepanga mstari juu, mstari safi, wenye nidhamu kuliko wa komunyo. Mmoja mmoja walikaa chini, wakainua mikono, wakaondoka kwa makalio mpaka bonde.

"Koko! Niangalie!"

Joviale alimwita bibi yake hivyo, kisha akashuka kama jiwe. Alisimama kwenye ndala za bibi yake, matope mpaka masikioni, akicheka kwa pengo lake.

Mwalimu wa mwaka wa kwanza alitoa kichwa dirishani. Nyuma yake darasa lilikuwa limejaa, watoto wanne kwa benchi ya wawili, wengine juu ya meza, wengine ukutani.

"Maman, haiko kosa yangu. Tangu shule iwe ya bure, wako mingi kupita nyumba. Mwenye kufika mbele anakaa. Mwenye kukosa nafasi anangojea inje."

"Wangu anangojea tangu mwezi wa tisa?"

"Huyu?" Mwalimu alijipangusa jasho. "Huyu nafasi ikipatikana namuita. Ananijibu: Madame, acha kwanza, zamu yangu inakaribia."

Maman Bibiane aligeukia tena mteremko. Alikuwa anaangalia vitambaa: suruali za watoto aliowajua kwa majina, viraka vyake mwenyewe, kazi ya mikono yake, vikipita mbele yake vikishuka bondeni. Makalio yote aliyoyasifu. Pepo yake yote, inateleza.

Alimshika Joviale mkono, wakapanda. Mbele ya nyumba yao Joviale alitaka kukata kona kuingia, bibi akamvuta. Walienda mpaka Shule ya Juu.

Hapo hakukuwa na kelele. Kulikuwa na sauti moja ndogo, kama panya wengi wanaokula mahindi. Maman Bibiane alichungulia mlangoni. Hakuna benchi hata moja. Mwaka juzi upepo ulibeba bati, mabenchi yakanyeshewa msimu mzima yakaoza; bati lilirudi, mabenchi hayakurudi. Mbao zilizopona zilikuwa zimelazwa juu ya mawe, kutoka ukuta mpaka ukuta, na watoto wamepiga magoti pande zote mbili, vichwa chini, wanaandika. Katikati yao, amepiga magoti vilevile, Direkta Akonkwa alikuwa ameshika mkono wa mtoto mmoja akimzungushia herufi. Viraka vikubwa kama sahani vilikuwa vimegusa udongo.

"Direkta."

"Maman Bibiane." Alitaka kusimama, magoti yakakataa kidogo.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilijaribu, maman. Mara tatu. Ulikuwa na mukasi."

Watoto waliinua vichwa. Maman Bibiane alimsukuma Joviale mbele yake, ngao ya matope.

"Nafasi iko?"

"Kwa wa magoti haikosekane. Lakini maman," sauti ya kuomba msamaha ikawa na tabasamu ndani yake, "sikia, si ulisema hapa ni gereza?"

"Nilisema."

"Na parokia muzima ikasikia."

Miaka yote Maman Bibiane alikuwa ametoa hukumu bila rufaa. Halafu akamtazama Joviale, ambaye alikuwa tayari amepiga magoti kwenye ubao, anauliza jirani yake ile milima miwili inaitwaje.

"Basi nitasema tena. Mudomo ni ile ile."

Na alisema, Jumapili iliyofuata, misa ilipotoka. Alisema kwa namna yake lakini. "Patalo haikudanganya," aliwaeleza wamama. "Patalo ilisema vizuri. Ni mimi niliuliza swali mubaya." Mtu akikosa, anaweza kuanguka kama gunia au kama bibi harusi. Maman Bibiane alikunja kitenge chake vizuri kwanza, ndipo akaanguka.

Tatizo la kuwa nabii ni waumini. Kabla ya Desemba, mtaa mzima ulishika sheria mpya: magoti ndiyo shule. Wavulana wa Shule ya Chini wakaonekana jioni wakisugua magoti ya suruali zao kwa jiwe, wametumwa na mama zao. Papa Venant alikuja mbio, tablet kifuani.

"Maman, ripoti ilishaenda! Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie matako iligeuka."

"Sema kweli, basi. Nipime nini?"

"Panda kule, fungua mulango, angalia."

"Pale juu kabisa?" alisema Papa Venant, na akaviangalia viatu vyake.

Wengine bado wanamletea suruali na kumwuliza shule ipi. Maman Bibiane anaitupa suruali kwenye kapu bila kuiangalia na kusema, "Hii nitashona. Ya shule, niletee mutoto mwenyewe." Mtoto akifika, gunia linageuzwa.

Chrispin alishuka siku moja kabla ya Noeli, amekonda, na vumbi la Mwenga kwenye kope. Alipokula, alipopumzika, alipomaliza kuahirisha, alisema kwa sauti ya mtu anayeogopa kujibiwa:

"Haya, Jojo. Ile kitu ulipaswa kunisomea."

Maman Bibiane akaliburuta gunia mpaka katikati ya nyumba. Joviale alilisogelea, akanyoosha sketi yake, na kabla ya kufanya lolote akapiga magoti sakafuni. Chrispin akaruka kutoka kwenye kiti.

"Mama! Mutoto amekosa nini? Nani anamupa azabu mbele yangu?"

"Kaa chini," alisema Maman Bibiane. "Nyamaza. Anataka kusoma."