Fungu la Mwalimu

Mafundi cherehani wana dhambi moja inayojulikana mtaa mzima, nayo ni kesho. Ukifuata suruali yako unaambiwa kesho, na ukirudi hiyo kesho unaikuta bado ni kitambaa. Fundi wetu hakuwa na dhambi hiyo, na alijivunia kutokuwa nayo kuliko inavyompasa mzee wa kanisa. Nguo ya Ijumaa ilikuwa tayari Ijumaa, imepigwa pasi, vifungo vyote mahali pake. Watu wakambandika jina la Fundi Leo. Akiitwa hivyo alijifanya hasikii, huku anatabasamu.

Kanisani nako walimwamini kwa sababu hiyohiyo. Kanisa lao lina utaratibu wake. Kila mgonjwa au mkongwe asiyeweza kufika ibadani ana kadi ofisini kwa mchungaji. Jumapili ya kwanza ya mwezi, ibada ikiisha, mzee aliyepangiwa huchukua kisanduku chenye mkate na divai, akampelekea mtu huyo Meza ya Bwana nyumbani, kisha jioni huweka alama ya vema kwenye kadi. Kadi ikikosa vema, mchungaji mwenyewe huenda wiki hiyohiyo. Ni utaratibu mwepesi, hauhitaji kitu ila mtu mkweli mwenye kalamu.

Fundi alipangiwa watu wanne. Watatu walikaa karibu na karakana yake. Wa nne alikuwa Mwalimu, bibi aliyewafundisha watoto wa kanisa miaka thelathini, akiwemo fundi mwenyewe. Ndiye aliyemfundisha kusali, ndiye aliyemwandaa kwa ubatizo. Tangu avunjike nyonga alikuwa hatoki, na nyumba yake iko mwisho wa barabara ya mawe, nusu saa ya kupanda kwa miguu.

Mwezi ule wa kwanza, kwaya ilikuwa imeagiza majoho thelathini na mawili, na fundi alikuwa ameahidi. Aliwahudumia wale watatu wa karibu, kisha akapita karakana mara moja tu, aone kazi ilivyo. Kazi ilikuwa mbaya. Mikono kumi na minane bado haijaunganishwa. Akajiambia kwamba majoho ya kwaya nayo ni kazi ya Mungu, akafunga nusu ya mlango, akakanyaga cherehani mpaka jua likashuka.

Kisanduku kilikuwa na fungu moja lililobaki, la Mwalimu. Kukirudisha nalo ni kuulizwa. Fundi alisimama kati ya vipande vya kitambaa na nyuzi zilizoanguka, akaula ule mkate, akanywa na ile divai, haraka, kama mtu anayekula cha wizi. Ofisini akaweka vema nne. Alijua vizuri kwamba kadi ikiwa tupu mchungaji angempandia yule bibi wiki hiyo, na bibi asingekosa chochote. Lakini mchungaji angeuliza kulikoni, na Fundi Leo hakuzoea kuulizwa kulikoni. Akaahidi moyoni kwamba atakwenda Jumatano.

Jumatano walikuja wateja. Nyumbani mkewe aliuliza hali ya Mwalimu, naye akajibu kwamba hajambo, tena anamsalimu sana. Mama wa watu akafurahi, akasema huyo bibi hasahau mtu. Fundi alinawa mikono mara ya pili ingawa ilikuwa safi.

Mwezi wa pili alitoka kweli. Alifika mpaka pale barabara ya mawe inapoanzia, akakaa kwenye kijiwe na kisanduku mapajani, akatafuta la kusema kuhusu mwezi uliopita. Hakulipata. Akarudi, akala tena fungu la Mwalimu, akaweka vema. Mwezi wa tatu hakujisumbua hata kufika kijiweni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo fundi alikuwa akiwafundishia vijana wa darasa la ubatizo, tena kwa sauti kubwa. Usiku hakukosa usingizi, asije mtu akamwonea huruma. Alilala fofofo. Ila alipokuwa akimpima mtu, futi shingoni mwake, ghafla uso ulikuwa unamwaka na anasahau namba za kiuno.

Basi Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata, kwenye kikao cha wazee, mchungaji alisimulia kwamba Alhamisi alikwenda kumpa pole jirani mmoja wa Mwalimu, akaona si vizuri kupita bila kubisha hodi. Akamuuliza bibi kama Meza ya Bwana inamfikia. Bibi akajibu kwamba inamfikia, fundi hajakosa hata mwezi mmoja. Mchungaji alifurahi mno. Alisema kuna wazee wapya sita wanaosimikwa, na Jumamosi ijayo Fundi Leo ndiye atakayewafundisha somo la uaminifu katika kuwatembelea wagonjwa. Wazee wakapiga makofi. Fundi aliitazama meza, akaona haya mpaka masikio yakamvuma.

Mchana uleule alichukua kisanduku, akapanda barabara ya mawe bila kukaa popote.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, gongo limeegemezwa ukutani. Chumba kilikuwa kidogo na nadhifu, kitanda, kabati, meza yenye kitambaa cheupe kilichonyooshwa. Alimpokea kama jana tu waliagana, akauliza mama watoto hajambo, akauliza kazi. Binti wa jirani aliyekuja kuleta maji, msemaji kama redio, akacheka na kusema kwamba leo bibi amepata mgeni wake. Kila Jumapili ya kwanza, alisema, bibi huamka alfajiri, huvaa gauni lile la bluu, hutandika kitambaa, na hagusi chakula mpaka jioni akikata tamaa. Mwalimu akamwambia kwa upole aende, mama yake anamwita. Hakuna aliyekuwa anamwita.

Fundi alifungua kisanduku ili mikono ipate cha kufanya.

“Kifunge, mwanangu,” Mwalimu alisema. “Mimi leo sishiriki.”

“Kwa nini, Mwalimu?”

“Alhamisi nilimdanganya mchungaji. Siwezi kupokea na uongo mdomoni.”

Fundi alipiga magoti bila kukusudia. Akasema yote, majoho, kijiwe, kalamu, na lile la mkate alioula mwenyewe, ambalo alidhani angekufa nalo. Akasema uongo ule ni wake, si wa bibi, amwachie yeye.

“Wako ni wako,” Mwalimu akajibu. “Wangu niliusema kwa mdomo wangu.”

Fundi akamuuliza kwa nini alimfichia siri. Bibi alisema alidhani wangemvua uzee wa kanisa, na mtoto aliyemlea mwenyewe hakutaka kumwona akiaibika. Kisha akatazama pembeni.

“Tena niliona haya. Mtu akisahauliwa, aibu inakuwa yake.”

Hilo ndilo lililomvunja. Angetukanwa angejua pa kushika. Fundi alilia pale chini, mtu mzima na mvi zake, na bibi hakumbembeleza, alimwacha alie. Alipotulia alitoa simu, akampigia mchungaji mbele yake, akamwambia kwamba vema tatu kwenye kadi ya Mwalimu ni za uongo. Halafu mchungaji akasema anakuja.

Alifika amevuja jasho, koti mkononi. Alimsikiliza Mwalimu kwanza. Bibi aliungama kwa sentensi mbili, akaomba msamaha, akasamehewa. Zamu ya fundi ilikuwa ndefu zaidi. Mchungaji hakufoka. Aliuliza mambo mawili matatu, kwa sauti ya mtu aliyechoka ghafla, kisha akasema fundi atapumzika uzee na atakaa bila kushiriki miezi mitatu, kama alivyomkalisha mwenzake.

Fundi aliitikia. Akauliza nani basi atafundisha Jumamosi.

“Wewe,” mchungaji akasema. “Uwaeleze haya, usipunguze.”

Kisha mchungaji alisogea kwenye meza yenye kitambaa cheupe, akabariki, akampa Mwalimu mkate. Bibi aliupokea kwa mikono miwili, akafumba macho. Mkate alioukosa miezi mitatu aliutafuna taratibu sana. Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, umbali wa hatua moja. Mchungaji alikula naye, akafunika sahani, akampita fundi.

Mwalimu alipofumbua macho alimkuta fundi anamtazama mdomoni.

“Mwezi ujao nisikungoje?” aliuliza.

“Sina ruhusa ya kubeba kisanduku, Mwalimu.”

“Sikuuliza kisanduku,” bibi akasema.