Mdomo wa Sinema Tseikuru

Sinema ya Bwana Mifugo ilikuwa bubu, na mimi ndiye niliyeajiriwa niwe mdomo wake. Kufika Tseikuru, ukingoni mwa nchi yetu Wakamba, nikakuta Wasomali wa mbuzi wamejaa mbele ya shuka la kuonyeshea picha, nikajiambia hawa Kikamba chetu watakijulia wapi. Basi nikaeleza uogeshaji wa mifugo kwa Kiswahili cha Mombasa mpaka koo likakauka. Hakuna hata mmoja aliyetikisa kichwa! Nikachoka nao. Nikamgeukia dereva, Mkamba mwenzangu, nikafoka kwa Kikamba:

“Watu hawa wana vichwa vigumu kuliko mbuzi wao!”

Mzee mmoja wa Kisomali akasimama, akanijibu kwa Kikamba kilichonyooka kuliko changu:

“Haya, mwanangu, sasa tunakuelewa. Endelea na lugha hiyo hiyo.”