Rozimari za Annastella

"Hodi." Ndivyo mama yake alivyoita siku ile, amesimama mlangoni pa nyumba aliyoishi tangu aolewe, akingoja mwenyeji amkaribishe. Annastella alikuwa ndani akimenya ndizi. Mama sasa amelala kaburini kibanjani, chini ya migomba, lakini sauti ile humrudia mwanawe kila anaposahau sufuria mekoni, naye huogopa kupotewa na kumbukumbu kama mama.

Ndiyo maana kila asubuhi, hapo kwao Buhembe, hushuka bustanini kujipima. Kabla ya kustaafu alikuwa mpishi wa masista kule Muleba, na huko ndiko alikoanza kupenda rozimari. Anazo za aina tatu. Ya masista husimama wima, ina majani manene na harufu kali kama mkaratusi. Ya Shamsa, rafiki yake wa Rwamishenye, hutambaa, na harufu yake ni tamu. Ya tatu, aliyopewa kule Kagondo, ina maua meupe, nayo imepandwa kwenye ndoo. Majani yake membamba yakisuguliwa hunukia ganda la limau. Annastella huchuma kijitawi cha kila kichaka, huvichanganya kwenye upindo wa kanga, hufumba macho, hutoa kimoja, husugua, hunusa, hutaja. Akipatia, siku hiyo anakula.

Asubuhi moja ya masika alitoa cha kwanza. Hakikunukia kitu, ila matope. Alitoa cha pili. Vidole vilisema jambo, pua ikakana. Cha tatu hakuthubutu kukigusa. Aliketi chini kwenye majani mabichi.

"Mama Byabato, umekaa kwenye umande kama chura?" Alikuwa Rutaihwa, mumewe, anatoka kukagua migomba.

"Rozimari hazinukii."

"Zitakosaje kunukia, nami nimezitunza? Hukuona nilivyozitandazia?"

Alikuwa amezifunika kwa nyasi na maganda ya kahawa, tabaka nene, kama afanyavyo kila mwanamume mwenye kibanja. Mgomba ukifunikwa hivyo hushukuru. Annastella alifukua kwa mikono. Mashina yalikuwa meusi, mizizi laini kama uji. Mvua yote ile ilikuwa imenaswa humo.

"Umezizamisha," alisema, akicheka na machozi yakimtoka. "Mimi nikadhani ni kichwa changu."

"Kichwa chako kizima. Kilichooza ni hiki changu." Rutaihwa akaenda kuchukua jembe, akijinung'unikia kwa Kihaya.

Annastella akabaki na kijitawi cha tatu. Alijua kimetoka kwenye ndoo, kwa kuwa vya vichaka vilivyooza alikwisha kuvitoa. Akafumba macho bila hofu, akakisugua. Harufu ikaja, safi, ikamjaa puani. Akangoja. Akasugua tena, mpaka majani yakawa uji kiganjani. Ilikuwa harufu nzuri, na hakuijua. Hakujua ni ya nini, wala nani alimpa mche ule, wala wapi.

Rutaihwa alirudi na jembe begani. "Tutapanda nyingine," alisema. "Kosa ni langu peke yangu, wewe usijitese."

Alimtazama mumewe, kisha ndoo, ambayo udongo wake ulikuwa wazi, mkavu, bila unyasi hata mmoja. Akasema, kwa sauti ya chini hata mzee akalazimika kuinama:

"Baba Byabato, hiki kichaka cha kwenye ndoo hukukifunika."