Jibu Lililotoka Juu ya Mnara

Kazi ya Ahmadi ilikuwa kupokea vichwa vya mabomba.

Mnara wa mbao ulisimama katika mbuga ya Mkata, mwendo wa siku nzima kutoka Mlali, mahali ambapo kampuni moja ya Kijerumani ilitafuta maji ya shamba la mkonge. Ulikuwa mwaka 1911, kiangazi. Chini ya mnara palikuwa na mashine ya mvuke iliyokula kuni tangu alfajiri, na katikati shimo ambalo upana wake haukuzidi kichwa cha mtu, lakini kina chake kilifika mita mia na themanini. Patasi ya chuma iliyokata mwamba huko chini ilipochakaa, mabomba yote yaliyoishikilia yalitolewa, patasi ikabadilishwa, kisha yote yakarudishwa. Yalitolewa mawili mawili, yakiwa yameungana. Jozi moja ilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili na uzito wa frasila kumi na mbili.

Ahmadi alisimama juu, kwenye mbao mbili, kamba kiunoni. Mashine ilipoinua jozi na watu wa chini walipoifungua kwa spana, yeye alikikumbatia kichwa chake, akaachia koleo lililokishika, akakisukuma kwa kifua na mabega mpaka kikalala kati ya meno ya mbao yaliyokuwa ubavuni mwake. Chuma kilichokaa juani kilimchubua mikono. Kama jozi ingeponyoka, ingeua waliokuwa chini. Ndiyo maana palikuwa na amri moja isiyojadiliwa: utoaji ukianza, mtu wa juu hashuki mpaka jozi ya mwisho ilale kwenye meno.

"Ninyi Waluguru mmezaliwa mmeng'ang'ania mteremko kama mbuzi," Hatibu, mnyapara kutoka Bagamoyo, alimwambia siku ya kwanza. "Panda."

Alipanda kwa sababu hakuwa na pa kulima. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Shamba la migomba alilolilima Ahmadi kwa miaka tisa lilikuwa la ukoo wa mkewe, na mkewe alipofariki bila kuacha mtoto, ukoo wake ulilichukua. Kilichobaki ni mlima wa mjomba wake, Mwinjuma, juu ya Mlali. Mzee Mwinjuma alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu kwamba Ahmadi ndiye atakayekaa kwenye kigoda chake. Anayekaa kwenye kigoda cha mjomba siku ya kuondoa matanga hupokea kofia yake, jina lake na ardhi yake. Asiyekuwepo siku hiyo hakai, na aliyekwisha kukalishwa hainuliwi.

Chakula cha watu wa mnara kililetwa na Mihambo, Mnyamwezi aliyebeba mizigo ya misafara kwa miaka ishirini hadi reli ilipomwachisha kazi. Sasa alibeba unga na ndizi kutoka Mlali, mara mbili kwa juma. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na Mihambo aliutumia utani kama chumvi. Alikuwa amemuua bibi yake Ahmadi mara mbili kwa mdomo, na Mzee Mwinjuma mwenyewe mara moja; mzee aliposikia kwamba amezikwa alicheka hadi akakohoa, akamtumia Mihambo kuku.

Jumanne moja asubuhi Mihambo alitua mzigo chini ya mnara, akainua uso.

"We nyani wa chuma! Shuka ukazike! Mjomba wako kafa juzi. Tumemzika amekunja miguu, kaburi lilikuwa fupi, Waluguru wavivu hata kuchimba!"

Watu wa mashine waliangua kicheko.

"Umemuua tena?" Ahmadi alijibu kutoka juu. "Mwambie anisubiri! Nikimaliza mabomba yangu nitakuja kumzika mara ya pili!"

"Nasema kweli, mtani. Leo saa hizi wanawake wanalia."

"Na wewe ukala ngapi katika hao kuku wa matanga?"

"Wawili," Mihambo alisema. Alikuwa amekula wawili kweli.

Kicheko kikarudi. Mihambo alisimama kitambo akimtazama. Mnyamwezi hapeleki habari ya msiba kwa mtani wake kwa sauti ya kilio. Huipeleka kwa matusi, na mfiwa huitambua. Alidhani Ahmadi ameitambua. Alidhani Mzungu amemkatalia ruhusa, na kwamba mtu yule anaficha uchungu mbele ya wenzake. Akajitwika kapu tupu, akaondoka.

Ahmadi alifanya kazi Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa jioni alimwambia Hatibu kwamba kandarasi yake ikiisha, baada ya miezi miwili, atamjengea mjomba jiko jipya.

Jumamosi patasi ilichakaa. Jozi ya kwanza ilitoka saa saba mchana. Jozi sita zilikuwa zimekwisha kulala kwenye meno, tisa zikiwa bado ardhini, Ahmadi alipomwona mwanamke mbali mbugani, akitokea upande wa milima. Mtu wa juu ya mnara huona mbali kuliko wote. Mwanamke alitembea upesi, peke yake. Alipokaribia, Ahmadi aliona kwamba kichwa chake kimenyolewa, na kwamba ni Chausiku, dada yake. Kichwa cha mwanamke hakinyolewi kwa utani.

"Kaka!" Chausiku alipiga kelele akiwa bado hajafika. "Kesho jua likichomoza wanaondoa matanga! Shuka twende!"

Ahmadi alishika fundo la kamba iliyokuwa kiunoni mwake.

"Bwana Hatibu! Nishushe!"

"Mabomba yananing'inia, unashukaje?"

"Mjomba wangu amefariki."

"Mihambo alimuua Jumanne, tukacheka wote," Hatibu alisema. Kisha alikiona kichwa cha Chausiku. Alimwendea fundi wa Kijerumani, wakazungumza kwa ishara na maneno machache. Akarudi. "Anasema udongo unaporomoka shimoni. Yakikaa nusu saa bila kuvutwa, yatazikwa yote. Na hakuna mwingine hapa anayejua kupokea. Ukiyaacha, ni viboko na mnyororo. Tisa tu, mwanangu. Yapokee."

Ahmadi alilegeza mkono kwenye fundo. Alizipokea jozi tisa. Mashine ilizivuta polepole, kwa sababu udongo ulikuwa umezibana, na kila moja ilitoka ikitiririsha matope. Chausiku alikaa kwenye rundo la kuni, akizihesabu kwa vidole. Hakuna hata jozi moja iliyoponyoka.

Aliposhuka jua lilikuwa limezama. Hakuomba ruhusa. Njiani Chausiku alimweleza kwamba Mihambo alilifikisha jibu lake Jumatano, mbele ya wazee wote, na kwamba yeye peke yake ndiye hakuliamini. Wazee walimkataza kutoka msibani, alitoroka alfajiri. Ahmadi alitembea mbele hadi miguu ya dada yake ilipovimba, akambeba mgongoni kuvuka mto, kisha wakapunguza mwendo, kwa kuwa hakuweza tena kuharakisha.

Walifika saa tatu asubuhi. Ua ulikuwa umefagiliwa. Kigoda kilikuwa katikati, na juu yake alikaa Pazi, mtoto wa mama yao mdogo, kijana wa miaka kumi na tisa, amevaa kofia ya marehemu iliyomshuka hadi kwenye nyusi.

Bibi Hidaya, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyezungumza.

"Jibu lako lilifika."

"Bibi, ulikuwa utani."

"Ulimwambia maiti akusubiri umalize mabomba."

"Nilimjibu Mihambo. Sikumjibu mjomba."

"Mihambo alitumwa na nani?"

Mihambo alikuwa amekaa kando ya jiko, mahali pa watani. Hakuwa na mzaha siku hiyo. "Nilisema alivyosema," alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua ana uchungu. Nilidhani mtanielewa."

"Tulikungoja hadi jua lilipotoka," Bibi Hidaya alimwambia Ahmadi. "Mimi nilisema tungoje zaidi. Wakaniuliza, tumngoje mtu aliyekataa?"

Kilichobaki kilijulikana na kila mtu uani. Aliyekaa kwenye kigoda si Pazi tena. Ni Mwinjuma, na kwa Ahmadi ni mjomba. Akiondoka bila kumsalimu, amejitoa katika ukoo, na hata siku atakapokufa hakuna mlima utakaompa kaburi. Akimsalimu, amekiri kwamba kigoda kimepata mwenyewe.

Pazi alitazama chini. Ahmadi ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, wakati mama yake alipougua.

"Kaka, mimi sikuomba..." Pazi alianza.

"Usimwite kaka," Bibi Hidaya alimkatiza.

Ahmadi alipiga magoti kwenye udongo uliofagiliwa. Mikono yake ilikuwa na matope ya shimoni yaliyokauka, nayo yakabanduka vipande vipande alipoiweka chini.

"Shikamoo, mjomba."

Pazi alikawia. Bibi Hidaya alimgusa bega kwa kidole.

"Marahaba, mwanangu," kijana alisema. Kisha, kama alivyofundishwa asubuhi ile, akamuuliza mgeni wake anatoka wapi, na kama atalala au atarudi.

"Nitarudi," Ahmadi alisema.