Nyumba Iliyovuka Mstari wa Jephthah Rucker

Kwa miaka ishirini Jephthah Rucker aliipima misitu ya Kentaki kwa dira na mnyororo, na katika miaka yote hiyo hakukiri kosa hata moja. Ukimwambia mpaka aliouchora umepita katikati ya zizi lako, anakujibu zizi ndilo limekaa vibaya. Alikuwa na kichwa kigumu kupindukia, lakini watu walimpenda, sijui kwa nini.

Magoti yalipoanza kumsumbua, akaamua kugombea ubunge wa kaunti yake. Alikuwa akiutamani tangu ujana. Kura huko ilipigwa kwa mdomo, hadharani, na mgombea asiye na pipa la wiski ni bora abaki kwake. Jephthah alileta mawili kwenye mkutano wa kampeni. Watu walipokuwa wakinywa, mpinzani wake, Lemuel Stroud, akakunjua ramani.

"Mzee Rucker, mstari huu wa kaunti aliuchora nani?"

"Mimi mwenyewe! Umenyooka kama rula!"

"Basi nyumba yako iko kaunti jirani. Wewe si wa huku, mzee wangu, huwezi kugombea!"

Watu walicheka hadi wiski ikawatoka puani. Njia rahisi ilikuwa aseme mstari una kosa.

"Mstari uko sawa," akasema Jephthah. "Nyumba ndiyo imekosea."

Kesho yake, maksai kumi na wawili na majirani thelathini waliivuta nyumba ile ya magogo hadi ng'ambo ya mstari. Mkewe, Keziah, aligoma kutoka. Alikaa mlangoni akimenya maharage.

"Taratibu nyie! Mkivunja sahani zangu mtanitambua!"

Bomba la moshi la mawe lilibaki nyuma, na kisima pia.

Siku ya uchaguzi, wote walioivuta nyumba walimpa kura. "Rucker!" alinguruma mmoja wao. "Nimeivuta nyumba yake kwa mgongo huu, halafu nimnyime kura?"

Jephthah alirudi nyumbani mshindi, amevimba kwa furaha. Keziah alikuwa akimsubiri na ndoo.

"Mume wangu, pale kilimani mstari ulikata kona. Nilikuwepo, mnyororo niliushika mimi."

Jephthah alichungulia nje kuhakikisha hakuna wa kumsikia.

"Kulikuwa na nyigu, nikawakwepa," akanong'ona.

"Kwa hiyo ulikosea."

"Nilikosea, Keziah."

Keziah alicheka hadi machozi, kisha akamkabidhi ndoo.

"Haya mheshimiwa, kisima kiko kaunti jirani."

Hadi Jephthah anakufa, maji ya nyumba ile aliyachota yeye.