Samaki wa Mawe

Nilitumwa Kalemie kufundisha biolojia katika lise, shule ya sekondari ya wasichana, zamani za Zaire, nikiwa sijaolewa na simjui mtu hata mmoja katika mji huo. Kwetu ni Manono. Huko maji ni ya mto, au yale yaliyojaa kwenye mashimo ya zamani ya madini. Ukisimama upande huu unamwona mwenzako upande ule, unamwita. Niliposhuka kwenye treni na sanduku langu nikaliona ziwa, nilitafuta ng'ambo yake nikaikosa, na moyo ukanywea.

Nilipanga chumba katika parseli, kiwanja cha mfanyakazi wa reli. Darasani niliitwa Sitwayene, yaani Mwananchi, kama ilivyoamriwa wakati ule. Nyumbani sikuitwa jina lolote. Jioni nilipika bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja, jambo gumu kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu mkono umezoea kupikia wengi. Nilikula, nikabakiza, asubuhi nikawatupia kuku wa mwenye nyumba.

Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa mwanamke wa makamo, Mubembe wa pwani ya kaskazini. Yeye na mume wake walikuja Kalemie wakifuata ndagala, dagaa wa ziwa. Dhoruba ilimchukua mume, watoto wakabaki kaskazini kwa ndugu zao, naye akaendelea kuuza ndagala wakavu sokoni kwa sababu hakujua kazi nyingine. Jumapili akitoka kanisani aliketi mlangoni akaimba nyimbo za Kibembe peke yake. Kwa muda mrefu tulisalimiana tu.

Kitabu cha mafunzo kilieleza jinsi mnyama wa aina moja anavyoweza kuenea, akatengwa huku na huku, mwishowe akawa aina nyingi. Mfano wake ulikuwa ndege wa visiwa vya mbali. Wasichana walinakili kutoka tablo, nilipoandika kwa chaki, bila kuuliza swali, na mimi mwenyewe nilisema maneno yale kama mtu anayesoma katekisimu. Lakini Jumamosi nilikuwa nimeanza kwenda kwenye mawe nje ya mji, kwa kukosa pa kwenda. Maji pale yalikuwa maangavu. Chini niliona samaki wadogo, urefu wa kiganja, weusi wenye manjano hafifu tumboni, wakikwangua ukungu wa kijani kwenye mawe tangu naketi hadi naondoka.

Siku moja jirani yangu alikuja kufua vikwembe, vitenge vyake vya kujifunga, karibu nami.

“Mama Mwalimu, humu ndani unaangaliaka nini?”

Nikamwonyesha. Aliinama, kisha akacheka kidogo.

“Hii naijua. Lakini kwetu haiko hivi. Ya kwetu iko na mukanda ya rangi ya machungwa, hapa katikati. Nilipofika huku nilizani ni samaki ingine.”

“Una hakika, Mama?”

“Nimekulia juu ya mawe yake. Na ukienda Mpala, utakuta ingine tena. Mume wangu alikuwa anasema kila mawe na nguo yake.”

Nilimweleza nilichokuwa nakielewa wakati uleule nikisema: samaki huyu chakula chake kiko kwenye mawe na maficho yake yako kwenye mawe. Kati ya mawe haya na yale kuna mchanga mrefu, na akitoka pale wazi, wakubwa wanammeza. Mama yao hutunza mayai kinywani, kwa hiyo hata watoto hawachukuliwi na maji kwenda mbali. Basi kila kundi linabaki kwake, vizazi na vizazi, mpaka linakuwa na sura yake.

Aliendelea kusugua kikwembe. “Kumbe njo muchanga,” akasema. “Mutu anaweza kuwaza ni mbali sana, kumbe ni muchanga tu.”

Tangu siku ile tulikwenda pamoja. Bukari nikapika ya wawili. Hatukuongea mengi, Kiswahili changu cha Manono kilimchekesha, na chake mara nyingine kilinipita.

Wakati wa vakansi, shule imefungwa, jirani yangu alipata habari ya msiba, akapanda boti kwenda kwao. Aliporudi, alinikuta ninapepeta mchele. Akaweka bidoni, dumu la plastiki, mbele ya miguu yangu.

“Fungua.”

Ndani kulikuwa na samaki watatu. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wa tatu alitikisa mkia, na mkanda wa machungwa ukaonekana katikati ya mwili wake mweusi. Njia nzima jirani yangu alikuwa akibadilisha maji kila boti ilipotia nanga, watu wakimuuliza kama amerukwa na akili.

“Wanafunzi wako waone,” alisema.

Walimwona. Nilimweka katika beseni ya kioo kando ya mmoja wa Kalemie, na darasa ambalo halikuwahi kuuliza chochote liliacha madawati. Mmoja aliuliza, “Wakioana watazaa?” Nikasema pengine ndiyo, bado hawajaachana sana. Mwingine akauliza wataachana lini.

Baadaye tulishindwa la kumfanyia. Kumrudisha kwao haikuwezekana, na ndani ya beseni alianza kufifia. Mwishowe tulimpeleka kwenye mawe yetu. Samaki wenyeji walimjia palepale wakamfukuza, huku na huku, hadi akaingia kwenye ufa.

“Twende,” jirani yangu akasema. “Sitaki kuona.”

Hakurudi tena pale. Mimi nilirudi. Nilimwona yule mwenye mkanda mara nyingi, pembezoni, kwenye jiwe la mwisho kabla ya mchanga, akila peke yake. Alinenepa. Sikumwambia jirani yangu, kwa sababu naye alikuwa ameanza kufunga vitu vyake. Kaka yake alimtaka nyumbani, watoto wamekua, soko la Kalemie limemchosha. Nilimsindikiza bandarini. Alinishika mikono yote miwili.

“Utafute mutu wa kukaa naye, mutoto wangu. Usiongee na samaki tu.”

“Ndiyo, Mama.”

Boti ilipokwisha kuondoka nilikaa juu ya marundo ya kamba mpaka mlinzi akaniomba nitoke.

Mvua zilipokuja maji yalichafuka karibu na pwani. Yalipotakata tena, jiwe la mwisho lilikuwa tupu. Niliangalia msimu mzima kama kuna samaki mdogo yeyote mwenye dalili ya machungwa. Mara moja nilidhani nimemwona, lakini jua lilikuwa linanipiga machoni.

Mwaka uliofuata mvuvi mmoja wa kaskazini alinisimamisha sokoni. Alileta salamu za yule mama.

“Anauliza habari ya samaki wake.”

“Mwambie sijamwona tangu mvua.”

“Na wewe mwenyewe?”

“Mwambie niko.”

Alingoja nimalizie. Kisha akanyanyua gunia lake la unga wa muhogo akaenda zake, nami nikanunua ndagala kwa mwanamke aliyechukua meza ya jirani yangu, ambaye alinipimia vizuri na hakuniuliza ninatoka wapi.