Mitamba ya Kansay na Sindano ya Anjela

Niliondoka Karatu alfajiri kwa sababu ya simu ya jana yake ya Anjela, binti wa mama mdogo. "Dada, kesho manesi wanakuja kuchanja wasichana shuleni. Baba amenikataza. Njoo." Mama yake tulimzika mwaka juzi. Msibani ilitangazwa kwamba aliugua tumbo. Haikuwa tumbo. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo hii inakinga dhidi ya kirusi kinachoileta.

Njiani, magari ya watalii yalitupita yakielekea Ngorongoro, yakatuachia vumbi jekundu. Dereva wa bodaboda aliuliza nawahi nini. Nikamwambia.

"Si ndiyo ile ya kufunga uzazi?" alisema kwa upole, kama anayenielekeza njia.

Nilikaa na hasira yangu hadi Kansay. Uongo umefika hata kwenye vitongoji ambavyo zahanati haijafika.

Kansay nilimkuta baba mdogo Tluway zizini, amembana mtamba ukutani, bwana mifugo akimchoma chanjo.

"Karibu, mwandishi. Umekuja kutuandika?"

"Nimemfuata Anjela. Manesi wanaondoka mchana."

"Yule ataolewa. Nani atamchukua mgumba?"

"Na hii mitamba unayoichanja kila mwaka, ikikua huwa haizai?"

Bwana mifugo aliinama, akajifanya anatafuta sindano.

"Ng'ombe ni ng'ombe," alisema baba mdogo.

"Kweli. Chanjo ya ng'ombe hukuiulizia kwa majirani. Baba mdogo, mama mdogo alikufa na nini?"

"Tumbo."

"Na nini?"

Alimwachia mtamba. Anjela alikuwa mlangoni, amevaa sare tangu asubuhi.

"Nilikuwa nafungua madirisha," alisema baba mdogo, "wageni wasisikie harufu ya ugonjwa wake. Mwenyewe alikuwa anasikia." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Mpeleke."

Shuleni ilikuwa sindano moja tu begani. Anjela hakukunja uso. Alimuuliza nesi, "Mama angechomwa hii, angepona?"

"Alipokuwa msichana haikuwepo, mwanangu. Lakini kipimo cha kugundua saratani hii mapema kilikuwepo, alipokuwa mtu mzima. Na wewe ukikua, upime."

Kilikuwepo. Nilirudi Karatu na neno hilo likinichoma. Mama mdogo alikuwa akija mjini kila mnada kuuza maharage. Hakuna aliyemwambia apite hospitali, kwa sababu ugonjwa wa sehemu ile hautajwi, hata kaburini.

Wiki hiyo jirani yangu alifariki. Msemaji wa familia alisimama, akasema marehemu aliugua tumbo. Wanawake wakainamisha vichwa. Mimi nilinyanyuka, nikauliza: tumbo gani?